Haibiskasi inayokufa kila Novemba

Kila mwaka ukiingia mwezi wa tano, simu yangu hujaa picha za vijiti vikavu. "Kaka, hii yangu ndiyo imekwenda?" "Baba, niing'oe?" Wanaotuma ni Watanzania, Wakenya na Wakongomani wa hapa Columbus, Ohio, walioona maua uani kwangu msimu wa joto uliopita, wakaenda kujinunulia. Jibu langu halijabadilika, na leo naliandika ili nipumzike: usiiguse. Miti yote ya mtaani itakuwa imeshavaa majani, majirani watakuwa wameshakata nyasi mara kadhaa, na haibiskasi yako bado itakuwa chini ya udongo, imelala fofofo. Inasubiri udongo upate joto, siyo hewa. Kwa Columbus chipukizi huonekana kuelekea mwisho wa mwezi wa tano, na baada ya majira ya kuchipua yenye baridi na mvua, hata mwezi wa sita. Mpaka katikati ya Juni hiyo si maiti.

Sasa tuelewane ni haibiskasi ipi, maana dukani huzichanganya zote na kuzibandika jina moja.

Ile ya kwetu Tanga, iliyojaa kwenye nyua za Chumbageni na Raskazone, yenye majani ya kijani kibichi yanayong'aa kana kwamba yamepakwa mafuta, ni Hibiscus rosa-sinensis. Usiku mmoja wa barafu unaimaliza. Watu wengi wa kwetu huku huipanda kwenye chungu, Mei wanaitoa nje, Septemba wanairudisha sebuleni, na huko ndani inapukutisha majani kwenye zulia na kufuga nzi weupe mpaka Pasaka. Nimeshuhudia baba mzima na wanawe wawili wakipandisha chungu cha aina hiyo ngazini, ghorofa ya pili, wakitweta. Sina ugomvi nao, mapenzi ni mapenzi.

Ninayoisema mimi ni nyingine: Hibiscus moscheutos, pamoja na machotara yaliyozaliwa kwake na kwa ndugu zake wa karibu. Hii ni mwenyeji wa Amerika ya Kaskazini. Huota yenyewe kwenye vinamasi kuanzia kusini mwa Ontario, Kanada, mpaka Florida na Texas, na hapa Ohio utaikuta mabwawani kandokando ya Ziwa Erie bila mtu kuipanda. Theluji si mgeni kwake. Msimu wa baridi sehemu yote ya juu inakufa, mizizi inabaki hai, na mwaka unaofuata inaanza upya kutoka chini, inafika kimo cha mtu kabla ya Agosti. Maua yake yana upana wa sahani ya wali. Sitanii, mengine hufika sentimita 25 na kuzidi.

Ya tatu utakayokutana nayo ni Hibiscus syriacus, kichaka cha mti kabisa, majani madogo yenye ncha tatu, maua ya kawaida kwa ukubwa, meupe, waridi au zambarau. Hiyo haifi juu. Matawi yake hubaki yamesimama msimu wote wa baridi. Ndiyo ua la taifa la Korea Kusini. Ni mmea mzuri, ila hutupa mbegu kila mahali na utang'oa miche yake mpaka uchoke.

Ukiwa dukani na kibao kimeandikwa "Hibiscus" peke yake, tazama jani. Linang'aa? Hiyo ni ya joto, itakufa nje. Halina mng'ao, pana, limechongoka mwishoni, upande wa chini lina weupe wa vinyweleo? Chukua. Rangi nayo inasema: hizi zinazohimili baridi huwa nyeupe, waridi, nyekundu au rangi ya damu ya mzee, mara nyingi na jicho jekundu katikati. Ukiona ya chungwa, au ya manjano ya kuwaka, iache hapo hapo.

Idara ya Kilimo ya Marekani ina ramani ya kanda za baridi, na toleo lake jipya lilitoka 2023. Columbus iko kanda ya 6, ambako baridi kali kabisa ya mwaka kwa kawaida huishia kati ya nyuzi 18 na 23 za Selsiasi chini ya sifuri. Moscheutos inahimili mpaka kanda ya 5 bila wasiwasi, yaani nyuzi 29 chini ya sifuri. Kwa hiyo wale wa Des Moines, Omaha na Chicago, hili linawahusu. Krismasi ya 2022, ile baridi iliposhuka kwa saa chache na kupasua mabomba ya watu, haibiskasi zangu hazikujua kama kulikuwa na jambo.

Nilizonazo ni chache. Ya kwanza ni "Lord Baltimore", nyekundu tupu, petali zimekunjamana kidogo, aina ya zamani iliyotolewa miaka ya 1950 na Robert Darby, mtu wa Baltimore, kwa kuchanganya haibiskasi za asili za Amerika. Pembeni yake "Kopper King", majani rangi ya shaba, ua jeupe lenye waridi na jicho jekundu. Hiyo ni kazi ya ndugu wa familia ya Fleming wa Lincoln, Nebraska, ambao waliichambua na kuizalisha mimea hii kwa miaka mingi, tena Nebraska, ambako upepo wa Januari hauna utani. Ndiyo maana naiamini. Aina iliyolelewa California ikaletwa huku kwa lori siichukui hivi hivi.

Halafu ipo Hibiscus coccineus, ya mabwawa ya Georgia na Florida, ua jekundu la pembe tano lililo kama nyota. Hii kwetu inapona kwa kubahatisha, inahitaji kufunikwa vizuri. Tatizo lake ni majani: yamegawanyika vidole vitano vyembamba, na asiyeijua ataapa kuwa ni bangi. Mzee mmoja jirani, Mmarekani, alisimama kwenye uzio akaitazama muda mrefu, kisha akaniuliza taratibu kama nina kibali. Ilipotoa ua alicheka mpaka akakohoa. Tangu hapo namwita babu na yeye anaitikia.

Mahali pa kupanda

Hapa ndipo penye siri yote, na ndipo watu wa pwani tunapokwenda kombo, kwa sababu tunaujua mmea mwingine. Haibiskasi ya Tanga inataka udongo unaopitisha maji; ikisimama kwenye maji, mizizi inaoza. Hii ya Ohio ni mtoto wa kinamasi. Ile sehemu ya ua ambayo umeshindwa nayo, inayotuama maji baada ya mvua, yenye udongo wa mfinyanzi unaoshika buti, ndiyo nyumba yake. Yangu nimeipanda pale bomba la maji ya paa linapomwaga. Nyasi zilikuwa zinakufa hapo, nyanya hazikutaka hata kupasikia. Haibiskasi imefika ikakaa kama mwenye nyumba.

Jua ni lazima, saa sita kwa siku au zaidi. Kivulini itaishi, itarefuka, italala chali na kukupa maua ya kuhesabu. Chimba shimo pana mara mbili ya chungu ulichonunulia, lakini kina kile kile, ili shingo ya mmea, pale mashina yanapotokea, iwe usawa wa ardhi au chini kidogo tu. Changanya mboji kwenye udongo uliotoa. Acha nafasi ya mita moja hivi kutoka mmea hadi mmea. Ikiwa midogo utaona nafasi ni ya upuuzi, mwaka wa tatu utaelewa. Na uchague mahali kwa akili, maana mizizi yake ikishazama hukaa miaka mingi na haifurahii kuhamishwa.

Ukipanda, chomeka kigingi cha chuma au kijiti kigumu ubavuni. Hili nalirudia kwa kila mtu. Aprili hakuna dalili yoyote ya mmea juu ya ardhi, na wakata nyasi waliokodiwa na mwenye nyumba hupita na mashine bila kuuliza. Vipande vya mashina ya mwaka jana, ukiviacha vimesimama kimo cha shubiri moja, navyo hufanya kazi hiyo hiyo.

Maji mwaka wa kwanza usifanye mchezo. Mvua ya Ohio mwezi wa tano inatosha, lakini Julai na Agosti hukauka, na moscheutos ikikosa maji inaonyesha mara moja: majani yananing'inia, na tumba ambazo ulikuwa unazisubiri zinageuka njano na kudondoka kabla ya kufunguka. Mimi hulaza mpira wa maji shinani na kuuacha uvuje polepole mpaka udongo ulowe chini kabisa, mara mbili kwa wiki pasipo na mvua. Kurashia juu juu kila jioni, kama tunavyopoza vumbi la uwanja, hakusaidii. Iliyo kwenye chungu ni kila siku, na siku ya jua kali asubuhi na jioni. Juu ya udongo tandaza matandazo ya magome au majani makavu unene wa vidole vinne, ila yasiguse mashina.

Mbolea si jambo la kukesha nalo. Mboji mkono mmoja mmoja kuzunguka shina zinapotoka chipukizi, basi. Ukiimwagia mbolea ya nyasi yenye naitrojeni nyingi utapata msitu wa majani.

Mama mmoja wa Uvira, Kongo, tunayesali naye alikuja kwangu Aprili moja, akatazama vile vijiti, akatikisa kichwa. "Baba, hii kitu ilishakufa, uitoshe tu, tupande lengalenga," yaani mchicha. Nikamwambia, mama, subiri. Mwezi wa nane alipita tena, akakaa kimya, halafu akauliza kama majani yake yanaliwa. Swali si la kuchekesha. Ngai-ngai, ile mboga yao ya majani, ni haibiskasi pia, na choya tunayotengenezea juisi Tanzania ni haibiskasi, na bamia ni ukoo huo huo. Ukilitazama ua la bamia kwa makini utaona jicho lile lile katikati. Lakini juisi haitoki kwenye hii. Juisi inatoka kwenye yale magamba mekundu yanayobeba tunda la choya, Hibiscus sabdariffa, na choya huchanua siku zinapofupika. Hapa siku zikifupika barafu nayo imeshafika, kwa hiyo wengi wanaoipanda huku wanavuna majani tu. Mama yule analima ngai-ngai yake nyuma ya nyumba, anachuma mpaka Oktoba, na mimi napelekewa fungu. Ya maua tumekubaliana ni ya macho.

Chipukizi zikishafika shubiri moja na nusu, bana ncha kwa kucha, juu tu ya jani. Kila shina litatoa matawi mawili au zaidi, mmea utakuwa mnene na hautahitaji miti ya kuegemea. Unachelewesha maua kwa wiki chache, ila unayapata mengi zaidi. Ukishaona tumba usibane tena.

Wadudu

Kulungu huku wanakula hosta na waridi za watu kama wanalipwa. Haibiskasi zangu huwa wanaonja na kuondoka. Adui ni wadogo.

Mwanzoni mwa Julai wanakuja mbawakawa wa Kijapani, mgongo wa shaba, kichwa cha kijani kinachong'aa. Walionekana Marekani mara ya kwanza 1916, New Jersey, na sasa wametapakaa nusu ya nchi. Wanakula jani wanaacha nyavu, wanatoboa petali, na wanafanya hivyo wakiwa wamepandana. Dawa yangu ni ndoo ndogo ya maji yenye sabuni ya vyombo. Asubuhi mapema, jua halijapanda, wanakuwa wazito. Weka ndoo chini ya jani, gusa, wanadondoka wenyewe. Mitego ya dukani yenye harufu usinunue. Inaita wadudu wa mtaa mzima, wanafika kwako, na wengi hawaingii kwenye mtego. Kama unataka kutumia mtego, mpe jirani usiyempenda.

Wa pili ni mjanja zaidi. Kuna kidudu chenye mbawa, cheusi, kidogo kuliko nzi, cha jamii ya nyigu, kinataga mayai ndani ya jani. Watoto wake ni vijiviwavi vya kijani, wanakaa upande wa chini, na ndani ya wiki jani zima linabaki mishipa tu. Watu hukimbilia ile dawa ya bakteria, Bt, inayoua viwavi wa vipepeo. Haifanyi kazi hapa, kwa sababu hawa si watoto wa vipepeo ingawa wanafanana nao. Geuza majani ukague kuanzia Juni, waponde kwa vidole au wanyunyizie sabuni ya wadudu mpaka ilowe upande wa chini. Wakizidi, dawa ya wadudu iitwayo spinosad inawaweza, lakini nyunyiza jioni nyuki wakishalala, maana ikiwa bado mbichi inawadhuru.

Na nyuki wa haibiskasi si wa kupuuzwa. Yupo mmoja mweusi, mnene, mwenye manyoya kidogo mgongoni, Ptilothrix bombiformis, ambaye chavua anayowalisha watoto wake ni ya haibiskasi hasa. Anachimba shimo kwenye udongo mgumu, na ili kuulainisha hubeba maji mdomoni. Anatua juu ya maji ya dimbwi bila kuzama, anakunywa, anaruka. Niliposoma hayo nikaweka karai la maji karibu. Huwa natumia dakika nyingi kuliko inavyostahili kulitazama karai hilo.

Kuhusu maua yenyewe nitasema machache, yanajisemea. Yanaanza Julai kuelekea mwishoni, yanakwenda mpaka Septemba. Kila ua lina siku moja: linafunguka asubuhi, kesho yake limejikunja. Wapo wanaolalamika kuwa ni hasara. Mmea uliokomaa una tumba kwa makumi, leo yanafunguka manne, kesho saba, na mimi nayaondoa yaliyonyauka nikiwa na kikombe cha chai kwa sababu yakiloa mvua yanagandamana na majani na kuozea hapo. Nilipomwonyesha mama kwenye simu, akiwa Tanga, alinyamaza kwanza, kisha: "Mwanangu, hilo ua au kanga?" Halafu akataka kujua kama nakula vizuri.

Barafu ya kwanza hapa huja Oktoba kwa kawaida. Majani yanakuwa meusi kwa usiku mmoja, mashina yanakauka. Usikate bado. Yaache yasimame, yanashika theluji na majani makavu ili vijikusanye shinani, na ndege wadogo wanapata pa kutua. Mwezi wa tatu ndipo unachukua mkasi wa kupogoa, tena mkubwa, maana mashina yake ni magumu, unakata ubakishe kimo cha shubiri. Mmea mchanga wa mwaka wa kwanza uongezee matandazo kabla ya Desemba.

Mbegu ziko kwenye vidonge vya kahawia, vinapasuka vyenyewe Oktoba. Ganda lake ni gumu: zikwaruze kidogo kwa msasa, ziloweke kwenye maji ya uvuguvugu usiku kucha, uzipande ndani mwezi wa pili karibu na dirisha lenye jua au chini ya taa. Zitakazoota hazitafanana na mama yao kama mama ni chotara. Unaweza kuchukua mbegu ya nyekundu ukapata nyeupe. Ukitaka ile ile, chukua vipandikizi vya ncha laini mwezi wa sita, uvichomeke kwenye mchanga uliochanganywa na mboji, na uvifunike kwa mfuko angavu. Aina mpya nyingi zina hataza, yaani haki ya aliyezitoa, hizo usizizalishe kwa vipandikizi bila ruhusa.

Dada aliyeniandikia kutoka Leicester kuuliza kama apande hii: kwako nasitasita. Moscheutos haiogopi baridi ya Uingereza, inakosa joto la kiangazi cha huko. Huku Agosti tunachemka, usiku jasho, na hicho ndicho kinachoifanya ichanue. Panda ile ya Korea, Hibiscus syriacus, ukutani upande wa kusini. Wa Seattle nao vivyo hivyo. Wa Toronto, panda bila hofu.

Walio Columbus na wanaotaka mbegu, mwisho wa Oktoba nitakuwa nazo. Njooni na bahasha. Rangi siahidi.